Mwanamke Peke Yake katika Mji Mtakatifu: Nani Atampokea?

Binti yako aliyekwisha kuwa mtu mzima, au dada yako aliye mjane, akikujia jioni na kusema, "Nimeweka fedha yangu kidogo kidogo, sasa nataka kwenda kuhiji mji mtakatifu, lakini sina wa kufuatana naye," utamjibu nini?

Wazee wengi watajibu upesi: "Haifai. Mwanamke hasafiri peke yake." Wengine watasema: "Mwacheni aende, Mungu atamlinda." Kila mmoja ana neno la kweli, lakini hakuna aliyemaliza shauri. Wa kwanza amesahau kwamba moyo wa mwanamke nao hutamani kupaona mahali Bwana wetu alipokanyaga. Wa pili amesahau kwamba Mungu huwalinda watu kwa mikono ya watu.

Shauri hili si jipya. Walilijadili watakatifu wenyewe, miaka 1,600 na zaidi iliyopita, wanawake wa nchi za mbali walipoanza kufunga safari kwenda Yerusalemu. Leo twataka kuwasimulia habari za baadhi yao, na habari za wale walioonya kwamba wasiende, ili kila jamaa ipime yenyewe.

BARUA ILIYOPOTEA

Mwaka 1884 mtaalamu mmoja wa Italia, jina lake Gian Francesco Gamurrini, alikuwa akichungua vitabu vya kale katika mji wa Arezzo. Akakuta kitabu kilichonakiliwa kwa mkono miaka 800 hivi kabla ya siku hiyo. Ndani yake mlikuwa na barua ndefu ya Kilatini iliyoeleza safari katika Nchi Takatifu. Kurasa za mwanzo zilikuwa zimepotea, na za mwisho vile vile, wala jina la mwandishi halikuonekana. Lakini jambo moja lilikuwa wazi: mwandishi alikuwa mwanamke, naye aliwaandikia wanawake wenzake waliobaki nyumbani, ambao huwaita dada zake.

Mwaka 1903 mtawa mmoja Mbenediktini alitambua kwamba mwanamke huyo ndiye aliyesifiwa na mmonaki Valerio wa Hispania, aliyeishi katika karne ya saba. Valerio aliwasimulia wamonaki wenzake habari zake ili kuwatia moyo. Jina lake ni Egeria. Alitoka upande wa magharibi kabisa, karibu na bahari kuu, na wengi hudhani ni kaskazini-magharibi ya Hispania. Wataalamu wamehesabu kwamba safari yake ilikuwa kati ya mwaka 381 na 384.

Tazameni ramani. Kutoka pwani ile mpaka Yerusalemu ni mwendo wa miezi mingi. Hapakuwa na gari la moshi wala ndege. Palikuwa na punda, ngamia, merikebu na miguu. Na katika sehemu yote ya barua tuliyo nayo, Bibi Egeria hamtaji mume wala baba wala kaka aliyefuatana naye.

NJIANI ALILINDWA NA NANI?

Msidhani Bibi Egeria alikuwa mtu wa kujitupa tu njiani. Hakuwa na mume wala ndugu, lakini hakuwa mpweke. Ukiisoma barua yake utaona kwamba kila alipofika palikuwa na mtu wa kumpokea.

Alipokwenda Mlima Sinai, wamonaki wa jangwani walimwongoza. Jumamosi jioni alifika chini ya mlima, akalala kwao. Jumapili alfajiri akaanza kupanda, naye asema kwamba mlima ule haupandwi kwa kuuzunguka polepole, ila moja kwa moja kama ukuta, wala mnyama hawezi kumbeba mtu, sharti uende kwa miguu. Saa nne alikuwa juu kileleni. (Warumi wa zamani walihesabu saa kama tuhesabuvyo sisi, kuanzia macheo, kwa hiyo saa nne yake ni saa nne yetu.) Padre mzee aliyetunza kanisa la pale akatoka kumlaki. Baada ya Misa mapadre wakawapa wageni matunda ya mlima ule, kuwa zawadi.

Aliporudi kutoka huko alipita nchi kavu yenye hatari, karibu na mahali paitwapo Suez siku hizi. Askari wa Kirumi walimsindikiza kutoka boma hata boma. Lakini alipofika njia kuu ya Misri, yenye watu wengi na usalama, aliwaambia askari warudi, kwa kuwa hakuwahitaji tena. Hapo twaona akili yake. Hakukataa kulindwa kwa sababu ya kiburi, wala hakuogopa mahali pasipo na cha kuogopa. Penye hatari aliomba msaada, na penye amani alikwenda zake.

Kila mahali alifuata desturi moja. Akifika mahali panapotajwa katika Maandiko, kwanza husali, kisha husomewa habari ya mahali pale, huimbwa zaburi, halafu husali tena. Naye akiri kwamba yeye ni mtu wa kudadisi. Huwauliza maaskofu, wamonaki na wenyeji: hapa ni wapi, palitokea nini, kisima kile ni cha nani? Kuuliza si ujinga. Tena mwanamke anayeuliza kwa adabu hupata watu wa kumjibu, na watu hao huwa ndio walinzi wake.

MIAKA MITATU YERUSALEMU

Bibi Egeria alikaa katika nchi ile muda wa miaka mitatu, na makao yake yalikuwa Yerusalemu, ingawa alitoka mara kwa mara kutembelea mahali pengine. Katika mji huo mlikuwa na kanisa kubwa lililojengwa na Kaisari Konstantino mahali pa Golgota na penye kaburi la Bwana. Kanisa hilo lilitabarukiwa mwaka 335. Askofu wa mji alikuwa Mtakatifu Sirili, ambaye twayo hata leo mafundisho yake kwa wakatekumeni.

Jambo moja litawagusa ninyi mnaosali katika vigango ambamo katekista hufasiri. Bibi Egeria aeleza kwamba Askofu alihubiri kwa Kigiriki daima, hata ingawa alijua Kisiria. Padre mmoja alisimama kando yake akifasiri kwa Kisiria, kwa ajili ya wenyeji wasiojua Kigiriki. Na wageni waliojua Kilatini tu, je? Nao hawakuachwa kukodoa macho. Walikuwako ndugu wa kiume na wa kike waliojua lugha zote mbili, nao waliwaelezea, ili mtu asihuzunike. Mwanamke aliyetoka mwisho wa dunia alikuta mtu wa kumnong'oneza maana ya maneno kwa lugha yake.

Aeleza habari za wakatekumeni pia. Kabla ya kuandikwa kwa Ubatizo, kila mmoja aliletwa mbele ya Askofu, naye Askofu akawauliza majirani: Je, mtu huyu ana mwenendo mwema? Ana heshima kwa wazazi wake? Si mlevi? Na mgeni asiye na watu wa kumshuhudia hakupata Ubatizo kwa urahisi. Shikeni neno hilo la ushuhuda, maana tutalirudia.

JUMA KUU LILE NDILO LETU

Sasa sikilizeni aliyoyaona, nanyi mtashangaa jinsi mnavyoyajua.

Dominika ya Matawi, saa saba mchana, watu wote walipanda Mlima wa Mizeituni. Wakakaa huko wakiimba na kusikiliza masomo. Ilipofika saa kumi na moja, ikasomwa Injili ya watoto waliomlaki Bwana na matawi. Hapo Askofu aliondoka, na watu wote wakashuka mbele yake kwa miguu, wakiimba na kuitikia. Watoto wote wa mji walishika matawi ya mitende na ya mizeituni. Hata wale wasioweza kutembea, wazazi wao waliwabeba shingoni. Walikwenda polepole, asema, ili wazee na wanawake wasichoke, wakafika kanisani giza limekwisha kuingia.

Ijumaa Kuu, Askofu aliketi Golgota, na mbele yake meza yenye kitambaa. Juu ya meza ukawekwa mti wa Msalaba Mtakatifu. Watu wakapita mmoja mmoja, wakainama, wakaugusa kwa paji la uso na kwa macho, wakaubusu. Hakuna aliyeugusa kwa mkono. Mashemasi walisimama kandokando wakilinda, kwa sababu, ati, siku moja mtu mmoja alijifanya anaubusu, kumbe aliuma kipande, akaenda nacho! Kisha kuanzia saa sita mpaka saa tisa yalisomwa Mateso ya Bwana, na watu, wakubwa kwa wadogo, walilia mno.

Msomaji, ukishika tawi lako mbele ya kanisa la parokia, au ukipiga foleni kwenda kuubusu Msalaba, wafanya kama walivyofanya watu wa Yerusalemu. Nasi tungejuaje mambo hayo kwa utimilifu, kama si mwanamke huyu aliyeangalia kila kitu, akaandika kwa ajili ya dada zake? Waalimu wa liturujia husoma barua yake hata leo. Kama jamaa zake wangemwambia, "Haifai, kaa nyumbani," tungekosa sisi sote.

WALIOONYA

Lakini haki itendeke kwa pande zote mbili. Katika miaka hiyo hiyo, Mtakatifu Gregori wa Nisa, Askofu, alikwenda Yerusalemu kwa kazi za Kanisa. Aliporudi aliandika barua kali juu ya hija hizi. Alisema kwamba kubadili mahali hakumleti Mungu karibu zaidi. Moyo ukiwa mchafu utabaki mchafu hata mbele ya Golgota. Alisema kwamba katika Yerusalemu yenyewe aliona wizi, uzinzi na uuaji kama katika miji mingine.

Habari za wanawake alizitaja wazi. Mwanamke, asema, hawezi kwenda safari ndefu bila mtu wa kumpandisha na kumshusha juu ya mnyama, naye mtu huyo, awe rafiki au wa kuajiriwa, huleta hatari au masengenyo. Tena nyumba za kulala wageni katika nchi zile zilijaa ufisadi. Mtu atapitaje katika moshi asiumwe macho? Kisha akiri kwamba yeye mwenyewe alipita salama kwa kuwa alipewa gari la serikali, nao wakaimba zaburi na kufunga ndani yake kana kwamba ni kanisa.

Maneno ya Askofu huyu si ya kuchezea. Alikuwa ameyaona kwa macho. Lakini angalieni vizuri: ni kitu gani alichokiogopa? Aliogopa njia isiyo na rafiki mwaminifu, na nyumba mbaya za kulala. Naye alikuwa na gari, mwanamke maskini hana. Basi kosa si miguu ya mwanamke. Ubaya umo katika nyumba za njiani na katika watu wanaomvizia.

Miaka mia tatu na zaidi baadaye sauti nyingine ikasikika. Mwaka 747 Mtakatifu Bonifasi, mtume wa Ujerumani, alimwandikia Askofu Mkuu wa Canterbury, katika Uingereza. Alimwomba awazuie wanawake na watawa wa kike kwenda Roma mara kwa mara, maana wengi walipotea njiani, na katika miji mingi ya Italia na Galia walikuwamo wanawake wa Kiingereza walioangukia umalaya. Fikirini uchungu huo! Wasichana walioondoka nyumbani na rozari ya machozi ya mama zao, wakaishiwa fedha katika mji wa kigeni, hawajui lugha, hawana wa kumwendea, mpaka mtu mwovu akawapa chakula na kitanda kwa bei ya heshima yao. Jambo hili si la zamani tu. Mitego ya namna hiyo ingaliko katika kila mji wenye wageni wengi, hata uwe mtakatifu namna gani.

WALIOJENGA NYUMBA

Sasa tazameni wanawake wengine walivyojibu hofu hiyo. Waswahili husema: msafiri maskini, ajapokuwa sultani. Hao walikuwa matajiri wa Roma, wakayajua maneno hayo kwa kuyapitia wenyewe.

Wa kwanza ni Melania, aliyefiwa na mume wake angali na miaka 22 tu. Alikwenda Misri na Palestina, akawatumikia maaskofu na wamonaki waliofukuzwa makwao kwa ajili ya imani. Jioni alivaa nguo za mtumwa na kuwapelekea chakula. Liwali wa Palestina alisikia, asimjue ni nani, akamtia kifungoni akitumaini kupata fedha kwake. Melania akampelekea habari: mimi ni binti wa fulani, na mke wa marehemu fulani, usinidharau kwa sababu ya nguo zangu. Liwali akaogopa, akaomba radhi. Tunda la habari hii ni chungu kidogo: aliokolewa na jina la ukoo wake. Je, mwanamke asiye na jina kubwa angeokolewa na nani? Naona Melania alilijua swali hilo, maana alijenga nyumba ya watawa katika Yerusalemu, akakaa na mabikira wapata hamsini, na kwa miaka ishirini na saba mahujaji wa kila namna walipokewa huko kwa mali yake.

Wa pili ni Mtakatifu Paula, mjane na mama wa watoto watano. Mwaka 385 aliondoka Roma pamoja na binti yake Eustokia. Alipofika Yerusalemu liwali alimtengenezea jumba zuri, yeye akachagua chumba kidogo. Kisha akakaa Betlehemu. Huko alijenga nyumba za watawa, na kando ya njia akajenga nyumba ya kuwapokea wasafiri, katika mji ule ule ambamo Bikira Maria na Yosefu walikosa nafasi. Alitumia mali yake yote mpaka akafa na deni, mwaka 404.

Naye Bibi Egeria, katika kurudi kwake, alipita Seleukia penye kanisa la Mtakatifu Tekla. Nchi ile ilikuwa na wanyang'anyi wa milimani, na kanisa lilizungushiwa ukuta mkubwa. Ndani ya ukuta ni nani aliyemkuta? Martana, shemasi wa kike, mkuu wa nyumba za watawa, ambaye walikuwa wamejuana Yerusalemu. Barua yote haina mahali pengine penye furaha kama hapo. Mwanamke amechoka njiani, mbele yake kuna ukuta, lango, na rafiki wa kike mlangoni. Hayo ndiyo majibu kwa Mtakatifu Gregori. Hakuna aliyembishia kwa maneno. Walijenga.

ALIYEACHWA NA WENZAKE

Kuna wasemao: "Aende, lakini afuatane na kundi la watu wa kwao, hapo atakuwa salama." Mara nyingi ni kweli. Lakini sikilizeni habari za Margery Kempe.

Huyu alikuwa mwanamke wa mji wa Lynn katika Uingereza, aliyezaa watoto kumi na wanne. Mwaka 1413, kwa kibali cha mume wake, aliondoka kwenda Yerusalemu pamoja na mahujaji wa nchi yake. Alikuwa mtu wa kulia sana machozi anaposali, na hakula nyama, na mezani hakutaka mazungumzo ila ya Mungu tu. Wenzake wakachoka naye. Wakaikata nguo yake fupi ili aonekane mpumbavu, wakamkalisha mwisho wa meza, wakamnyang'anya hata mtumishi wake, mwishowe wakamwacha katika mji wa kigeni. Mzee mmoja mwenye mvi, Mwingereza asiyekuwa wa kundi lile, ndiye aliyemwongoza mpaka Italia.

Walipokutana tena na kufika Nchi Takatifu, wakaenda kwenye mlima ambamo Bwana alifunga siku arobaini. Mlima ni mkali. Margery akawaomba wenzake wamsaidie, wakakataa. Mara akapita Mwislamu mmoja wa nchi ile, kijana mwenye sura nzuri. Akampa sarafu moja, akamwonyesha kwa ishara, naye akamshika mkono akampandisha mpaka juu. Alipofika kileleni, ana kiu kali, watu wa kwao hawakumjali. Wafransisko waliokuwako ndio waliomtuliza. Baadaye alisema kwamba katika nchi ile watu wote walimtendea wema, isipokuwa wananchi wake mwenyewe. Hakujua kuandika, lakini alisimulia maisha yake yakaandikwa, na kitabu hicho kilionekana tena mwaka 1934 katika nyumba ya jamaa moja ya Uingereza.

Basi kundi si ulinzi, kama mioyo ya kundi ni migumu. Na mgeni wa dini nyingine aweza kuwa jirani wa kweli, kama yule Msamaria wa Injili.

TUMWAMBIE NINI BINTI YETU?

Sasa turudi kwenye shauri letu. Siku hizi wanawake wengi huenda kuhiji peke yao: Yerusalemu kukiwa na amani, Roma, Lourdes, na hapa kwetu Namugongo katika Uganda, ambako kila mwaka tarehe 3 Juni wafika watu kutoka Kenya, Tanzania, Rwanda na Kongo, wengine kwa miguu. Swali la "aende, asiende" ni la jamaa yake na dhamiri yake. Lakini akienda, mambo haya yatamfaa.

Kwanza, awe na ushuhuda. Kama mgeni wa Yerusalemu alivyohitaji watu wa kumjua, yeye naye aende na barua ya paroko wake yenye jina lake na mahali atokako. Aitumie kwa masista au kwa parokia, wala si kwa kila mtu amwitaye "dada" kituoni.

Pili, asiondoke kabla ya kujua atalala wapi usiku wa kwanza. Apange kufika mchana. Katika mji mkubwa, hatari huanza pale mgeni anaposimama na mzigo wake gizani, akitazama huku na huku.

Tatu, fedha asiiweke mahali pamoja, na nauli ya kurudi aifunge mbali, asiiguse hata kwa sadaka. Wanawake wale aliowaombolezea Mtakatifu Bonifasi walikosa njia ya kurudi.

Nne, njia ikiwa mbaya aombe wa kumsindikiza, kama Egeria alivyofanya na askari wake. Kuomba si aibu. Na akitaka kuuliza, awaulize kwanza wanawake: mama muuza chakula, sista, mfagiaji wa kanisa. Mtu anayemng'ang'ania kumwongoza bila kuombwa, amshukuru na kumwacha.

Tano, apeleke habari nyumbani. Egeria aliandika barua. Siku hizi simu iko. Waliobaki nyumbani wajue siku yuko wapi na siku ya kurudi ni lini.

Hayo ni ya msafiri. Lakini kuna neno la ninyi msiosafiri. Vijiji vyetu vingi viko kando ya njia ya mahujaji, au karibu na mahali patakatifu. Mwanamke mgeni akibisha hodi jioni, miguu imevimba, kitambaa kimejaa vumbi, msiulize kwanza, "Mume wako yuko wapi?" Swali hilo kwa mtu mchovu ni sawa na kumfungia mlango. Mpeni maji. Mpeni mahali pa kulala pamoja na mama wa nyumba, penye mlango unaofungwa, na choo kisicho mbali gizani. Kesho yake mwanamume mwaminifu na mke wake wamfikishe njia kuu. Hata kigango maskini kikiweka chumba kimoja kwa ajili ya wanawake wasafiri, na mama mmoja mwenye ufunguo, kimefanya kazi ya Mtakatifu Paula.

Waliosema mgeni njoo, mwenyeji apone, hawakusema mgeni huyo awe mwanamume. Wazee wanaohofia binti zao wana haki ya kuhofu, nasi hatuwacheki. Lakini hofu hiyo wasiimalize kwa kumfungia binti ndani. Waimalize kwa kumfungulia mlango binti wa mwingine, ambaye usiku huu huu baba yake naye yuko mbali, hapati usingizi.